UZI: Hisa ya kampuni moja, bei mbili kwenye masoko mawili. Unaipimaje, na hilo pengo linaliwa?

#1 Mizania (mleta mada)

Wakuu habari zenu.

Kuna swali linarudi kila nikifungua nyuzi za hisa: "Kampuni fulani imeorodheshwa masoko mawili, kule bei iko chini, kwa nini nisinunue kule nikauze huku?" Majibu huwa ya mstari mmoja mmoja, na muulizaji anaondoka na swali lake vilevile. Nimeona lipewe uzi wake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga apinge. Kampuni inapimwa mara moja tu. Faida yake ni ileile, madeni ni yaleyale, menejimenti ni ileile, uwe umekaa New York au Hong Kong. Kilichozidi ni bei. Kwa hiyo ukikuta tofauti, acha kwanza kuuliza soko lipi limekosea. Uliza nini kinazuia hisa ya upande huu kugeuzwa kuwa hisa ya upande ule. Ukishakijua hicho kizuizi, pengo lenyewe huwa halina siri tena.

Ila kabla ya kizuizi, hakikisha pengo lipo kweli. Mengi ninayoona watu wanayashangilia ni hesabu mbovu tu.

La kwanza ni kipimo cha bei. London hisa nyingi zinanukuliwa kwa peni. Ukiona 2,500 hapo ni pauni 25, wala si pauni elfu mbili na mia tano. Johannesburg wananukuu kwa senti. Mtu anachukua namba ya London, anaizidisha kwa kiwango cha dola, anakuja kutuambia amegundua dhahabu.

La pili ni idadi ya hisa ndani ya stakabadhi. Kampuni nyingi za nje zinauzwa Marekani kama stakabadhi za amana: benki inashikilia hisa halisi kule nyumbani kwao, huku inatoa karatasi inayoziwakilisha. Karatasi moja si lazima iwe hisa moja. Ya Alibaba kule New York inabeba hisa 8 za Hong Kong. Ya TSMC, wale watengeneza chipu wa Taiwan, inabeba hisa 5 za Taipei. Usipogawanya, huna pengo, una kichekesho.

La tatu ni saa. Hong Kong inafunga saa kumi jioni kwa saa zao. Wakati huo New York bado ni usiku wa manane kuelekea alfajiri. Ukilinganisha bei ya kufungia ya huku na ya kule, unalinganisha habari za leo na za jana. Ikitokea taarifa katikati, bei zitaachana kwa asilimia kadhaa, na soko la pili likifunguliwa tu pengo limekwisha.

Karibuni.

#2 Kijana wa Gawio

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Uzi mtamu huu.

#3 Nusu Hesabu

Mleta mada, nina jambo linanitatiza. Natumia programu moja ya simu. Kampuni ileile, upande mmoja inaniambia P/E (bei gawanya kwa faida ya kila hisa) ni 12, upande wa pili inaniambia 96. Sasa hiyo "kampuni inapimwa mara moja" inakuwaje? Mimi niamini ipi?

#4 Mizania

@Nusu Hesabu, usiamini hata moja mpaka uipige mwenyewe. Twende na mfano wa namba za kubuni.

Kampuni imepata faida ya milioni 600, ina hisa milioni 200. Faida kwa kila hisa ni 3. Bei kwenye soko la nyumbani ni 36. Gawanya, unapata 12. Safi.

Sasa kule nje inauzwa stakabadhi yenye hisa 8 ndani. Bei yake ya haki, tukiacha mambo ya sarafu, ni 36 mara 8, yaani 288. Programu yako imechukua 288 ikaigawanya kwa faida ya hisa moja, 3. Ndiyo hiyo 96 yako. Ilitakiwa igawanye kwa 24, faida ya hisa zote nane, na jibu lingerudi 12.

Kosa hili lina pacha wake wa hatari zaidi: programu inachukua bei ya hisa moja, 36, inaigawanya kwa faida ya stakabadhi nzima, 24. Unapata 1.5. Mtu anaona P/E ya 1.5 anakimbilia kununua, anadhani dunia nzima imelala yeye peke yake yuko macho.

Halafu kuna sarafu. Kampuni inaweza kutoa hesabu zake kwa yuan, hisa ikanukuliwa kwa dola za Hong Kong, stakabadhi ikauzwa kwa dola za Marekani. Sarafu tatu ndani ya uwiano mmoja. Ndiyo maana mimi huwa naanza na kampuni nzima: thamani yote ya soko kwa sarafu moja, faida yote kwa sarafu hiyohiyo, nagawanya. Hapo mambo ya stakabadhi yanakaa pembeni yenyewe.

Na kwa vile umegusa kupima: P/E nairuhusu iwe mlango wa kuingilia tu. Nikishaingia nakwenda kwenye mtiririko wa fedha. Faida inaweza kuandikwa hata kama mteja hajalipa. Fedha taslimu iliyoingia kutokana na shughuli za biashara, ukitoa iliyotumika kwenye mitambo na majengo, ndiyo inayolipa gawio na madeni. Faida ikipanda miaka mitatu mfululizo huku fedha hiyo imesimama palepale, fungua maelezo ya hesabu uangalie wadaiwa na shehena iliyolala stoo. Kisha angalia idadi ya hisa mwaka hadi mwaka. Kampuni inaweza kukuza faida kwa asilimia 10 na hisa zikaongezeka kwa asilimia 10 hizohizo. Wewe mwenye hisa hujapata kitu, ila kwenye taarifa kwa vyombo vya habari wamevunja rekodi.

#5 Mkaanga Sumu

Mimi napinga kidogo. Kuna watu wana kompyuta zilizounganishwa moja kwa moja na masoko yote duniani. Pengo la asilimia moja likitokea wanalimaliza kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo uzi wote huu ni wa bure: mapengo hayapo, na yaliyopo hayakuhusu.

#6 Mizania

@Mkaanga Sumu, nusu ya maneno yako ni kweli. Pale ambapo hisa inageuzwa kirahisi toka soko moja kwenda jingine, mapengo ni madogo na hayadumu. Tatizo ni pale isipogeuzika.

Mfano wa darasani ni Royal Dutch na Shell Transport. Mwaka 1907 kampuni hizi mbili, moja ya Uholanzi na nyingine ya Uingereza, ziliunganisha biashara zao kwa makubaliano ya 60 kwa 40. Kila mapato yanagawanywa hivyo. Maana yake Royal Dutch yote ilitakiwa iwe na thamani mara moja na nusu ya Shell Transport yote. Hesabu ya darasa la tano. Lakini kwa miongo mingi soko halikuifuata. Kuna vipindi upande mmoja ulikuwa juu kwa asilimia kumi na kitu, vipindi vingine chini kwa zaidi ya thelathini.

Kwa nini? Hukuweza kupeleka hisa ya Royal Dutch mahali ukapewa ya Shell. Zaidi ya hapo, Royal Dutch ilikuwa kwenye faharisi (orodha ya hisa inayopima mwenendo wa soko) ya Marekani ya S&P 500 mpaka 2002, na Shell Transport kwenye FTSE 100 ya Uingereza. Mifuko inayofuata faharisi inanunua kilichomo kwenye faharisi yake, haiulizi jirani anauzwa bei gani.

Sasa hao wenye kompyuta uliowataja. Long-Term Capital Management, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, ilikuwa na wanahisabati wakubwa, wawili kati ya washirika wake walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Waliliona pengo hili, wakanunua upande wa bei ya chini na kuuza hisa za kukopa upande wa juu. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Mwaka 1998 misukosuko ya Urusi ilipokuja, pengo likapanuka badala ya kufumba. Wakiwa na mikopo kila kona, ilibidi wafunge wakiwa kwenye hasara. Septemba mwaka huo taasisi 14 za fedha zililazimika kuchangia dola bilioni 3.6 kuuokoa mfuko usianguke na kuvuta wengine.

Pengo lilikuja kufa lenyewe mwaka 2005 kampuni zilipounganishwa kuwa moja. Aliyekuwa na pesa zake mwenyewe na subira angelipwa. Aliyekopa hakuwepo tena kushuhudia.

#7 Binti Soko

Hapo kwenye kutogeuzika naomba niongezee China, maana ndiyo ninayoifuatilia.

Kampuni nyingi za China zina hisa za aina mbili: za A, Shanghai au Shenzhen, na za H, Hong Kong. Haki ni zilezile, gawio lilelile, ila A haigeuzwi kuwa H. Kuna faharisi kabisa ya kupima tofauti hiyo: ikisoma 100, bei ni sawa, ikisoma 130, za A ziko juu kwa asilimia 30 kwa wastani.

Novemba 2014 walipofungua njia ya kuunganisha soko la Shanghai na la Hong Kong, watu wengi walitegemea pengo litakufa. Kinyume chake, faharisi ikapanda juu ya 100 na kwa miaka iliyofuata ikakaa hukohuko. Mwanzoni mwa 2024 ilipita 150. Sababu ni kwamba njia ile inakuruhusu kununua ng'ambo ya pili, haikuruhusu kuhamisha hisa yenyewe. Mtu wa China bara anayetaka kununua Hong Kong kupitia njia hiyo anatakiwa awe na yuan 500,000 kwenye akaunti yake, na gawio lake la hisa za H linakatwa kodi ya asilimia 20. Pesa zilizofungiwa ndani zinagombania hisa za ndani.

Lakini usikariri kwamba A huwa juu daima. CATL, wale wa betri, walipoorodheshwa Hong Kong Mei 2025, hisa ya H ikawa ghali kuliko ya A. Wawekezaji wa nje waliitaka sana na hisa zilizotolewa kule zilikuwa sehemu ndogo.

#8 Mkaanga Sumu

Dada hapo umenipata. Lakini TSMC je? Ile inageuzika, na bado New York iko juu.

#9 Binti Soko

Inageuzika upande mmoja, kaka. Mwenye stakabadhi ya New York anaweza kuirudisha benki akapewa hisa zake 5 za Taipei. Kuchukua hisa za Taipei ukazitengenezea stakabadhi mpya ndiko kuna kibali na ukomo. Bidhaa inatoka New York kirahisi, kuingia ni kwa shida, na wanaoitaka New York ni wengi. Ndiyo maana mwaka 2024 kuna wakati tofauti ilizidi asilimia 20. Kama mlango ungefunguliwa pande zote mbili, sidhani kama ingemaliza mwezi.

#10 Mwenye Daftari

Mmesahau pengo lenye mafunzo kuliko yote, la Old Mutual, kampuni ya bima.

Hisa zake ziliuzwa London, Johannesburg na Harare, na hisa ya Harare ilihamishika kwenda nje. Sarafu ya Zimbabwe ilipoanza kuporomoka, mwenye pesa za ndani alinunua Old Mutual pale Harare, akaihamishia nje, akauza kwa pauni au randi. Hisa imekuwa basi la kuvukia mpaka. Matokeo yake bei ya Harare ukiigeuza kwa kiwango rasmi ilionekana ghali kupita kiasi. Watu wakaigeuza hesabu kichwa chini: wakachukua bei ya Harare, wakaigawa kwa bei ya London, wakapata kiwango cha kubadilishia fedha kinachoaminika kuliko cha serikali. Kilikuwa na jina kabisa na kilinukuliwa kila siku.

Mwaka 2020 serikali ikasimamisha uhamishaji huo, na mwishoni mwa Juni ikafunga soko lote la hisa. Lilipofunguliwa Agosti, Old Mutual haikuwemo.

Ukiwa na mfano huo kichwani, jibu la "soko lipi limekosea" ni kwamba hakuna. Kilichokuwa na bei mbili ni sarafu, hisa ilikuwa shahidi tu.

#11 Nusu Hesabu

Aisee. Na hizi za kwetu? KCB, EABL, Jubilee, Nation Media, Kenya Airways, zote nyumbani kwao ni Nairobi na zimo pia kwenye orodha ya Dar es Salaam.

#12 Mizania

Hapo kizuizi kikubwa ni ukwasi, yaani urahisi wa kupata wa kumuuzia au wa kununua kwake. Biashara ya hisa hizo iko Nairobi. Kwenye orodha ya Dar unaweza kuona bei, halafu ukiweka oda hukuti mtu wa upande wa pili. Bei isiyo na muuzaji wala mnunuzi ni tangazo. Kwanza tazama kiasi kilichouzwa, ndipo utazame bei.

Ushahidi uko kwenye faharisi zao. Dar wana mbili: moja ya kampuni zote, nyingine ya kampuni za ndani pekee. Ile ya zote huweza kupanda au kushuka kwa sababu tu bei za Nairobi zimetikisika, bila hisa hata moja ya kampuni hizo kubadilisha mikono Dar siku hiyo. Anayetaka kujua soko la ndani limefanya nini anasoma ya pili.

#13 Kijana wa Gawio

Mkuu, tupe sasa hesabu ya mtu wa kawaida. Tuseme inageuzika, wateja wapo, na pengo ni asilimia 6. Naambulia ngapi?

#14 Mizania

Haya. Namba za kubuni tena, kwa sarafu moja. Soko la kwanza bei ya mwisho ni 50, la pili 53. Unataka hisa 500.

Bei ya mwisho si bei yako. Kwenye daftari la oda, anayeuza soko la kwanza anataka 50.20, na anayenunua soko la pili anatoa 52.20. Pengo lako limeshuka toka 3 hadi 2 kabla hujagusa kitu.

Dalali nusu asilimia kila upande: kama 0.51. Ushuru wa stempu nusu asilimia kwenye ununuzi, kama ule wa Uingereza: 0.25. Kubadilisha fedha, benki inakula robo tatu ya asilimia kwenye mauzo: 0.39. Ada ya kugeuza hisa: 0.05. Ada ya kuhamisha toka mtunzaji mmoja (taasisi inayokuhifadhia hisa) kwenda mwingine huwa ni ya jumla. Tuseme 100, kwa hisa 500 ni 0.20 kila moja. Jumla 1.40.

Umebaki na 0.60 kwa kila hisa, kama asilimia 1.2. Na uhamishaji unachukua siku kadhaa. Ndani ya siku hizo bei ikishuka zaidi ya hiyo asilimia 1.2, umefanya kazi ya kuwanufaisha dalali na benki. Mkubwa anajikinga kwa kuuza hisa za kukopa upande wa pili dakika ileile anayonunua. Wewe dalali wako pengine hata hana huduma hiyo.

Na hapo nimekuwa mpole. Uingereza ukichukua hisa iliyopo ukaiingiza kwenye mfumo wa stakabadhi za amana unatozwa asilimia 1.5. Weka hiyo kwenye hesabu ya juu uone kinachobaki.

#15 Mkaanga Sumu

Kinabaki hasara ya 0.15. Ndiyo nilichosema, halikuhusu 😂

#16 Mizania

@Mkaanga Sumu, kulila halikuhusu. Linakuhusu siku unapochagua ununulie wapi, na hapo ndipo watu wanapoteza pesa bila kujua.

Chukua mtu aliyenunua stakabadhi ikiwa juu ya bei ya nyumbani kwa asilimia 20. Kampuni ikafanya vizuri tu, bei ya nyumbani haikushuka hata senti. Lakini nyongeza ile ikapungua toka 20 hadi 5. Gawanya 1.05 kwa 1.20: amepoteza asilimia 12.5 na hakuna habari mbaya yoyote ya kampuni ya kulaumu. Wakati huohuo gawio anapata lilelile la hisa ya nyumbani, kwa hiyo kwa kila shilingi aliyoweka anapokea pungufu.

#17 Kijana wa Gawio

Kwa hiyo ninunue upande wa bei ya chini tu?

#18 Mizania

Mara nyingi ndiyo, ila angalia kwanza kwa nini uko chini. Shell walipokuwa na hisa za A na za B, za A zilikatwa kodi ya zuio ya Uholanzi ya asilimia 15 kwenye gawio, za B hazikukatwa. Kwa mtu asiyeweza kudai kodi ile, A kuwa chini kulikuwa halali, haikuwa ofa. Januari 2022 wakaziunganisha zikawa aina moja.

BHP, wachimba madini, nayo: hisa ya Sydney ilikuwa juu ya ile ya London kwa sababu Mwaustralia anapata nafuu ya kodi kwenye gawio ambayo wewe na mimi hatuipati. Ukinunua Sydney kwa bei ya juu ulikuwa unalipia nafuu ya mtu mwingine. Waliokaa London walifaidi Agosti 2021 kampuni ilipotangaza kuunganisha hisa hizo, pengo likafumba haraka. Rio Tinto bado wana mpangilio wa namna hiyo.

Mimi nafanya hivi. Napima kampuni nzima kwanza, napata thamani yangu kwa hisa moja ya nyumbani. Kisha nageuza bei ya kila soko iwe kwa hisa hiyo moja, kwa sarafu moja. Natoa kwenye gawio kodi itakayonikata mimi, kwa nchi ninayoishi na akaunti yangu. Naongeza ada ya kila mwaka ya stakabadhi, ambayo huwa senti chache za dola kwa kila moja. Soko ambalo kwa siku haliuzi hata mara kumi ya kiasi ninachotaka nalifuta. Yanayobaki nanunua la bei ya chini, na kama hata hilo liko juu ya thamani niliyopata, sinunui kokote.

#19 Nusu Hesabu

Mkuu nimerudi kwenye ile programu. Kwenye ukurasa wa stakabadhi kuna kimstari kidogo chini kabisa: "1:8". Nimepiga upya, imetoka 12.